Presha ya Tanga haitatibiwa Dar es Salaam

Kila msiba wa ghafla hapa Tanga una mashahidi wake. Watakueleza kwamba marehemu aliswali Alfajiri msikitini, akapitia vitumbua kwa mama wa pale kona, akataniana na vijana wa bodaboda, na ilipofika saa nne akaanguka bafuni. "Jana tu nilikuwa naye barazani," mmoja atasema. Halafu maturubai yakishafungwa na sufuria za pilau zikishainjikwa, ndugu wa karibu ataeleza kwa sauti ya chini kwamba presha alikuwa nayo tangu zamani. Dawa aliandikiwa, akazinywa miezi miwili mitatu, kisha akaziacha kwa sababu alikuwa ameshapona.

Maelezo haya nimeyasikia Ngamiani, nimeyasikia Pangani na Muheza, kutoka kwa familia za wavuvi na za walimu, za wasiojua kusoma na za wenye shahada. Naamini huku kudhani kwamba presha inapona kunaua watu wengi wa pwani yetu kuliko upungufu wa madaktari bingwa wa moyo. Tena ni kosa ambalo hatuwezi kumtupia mgonjwa peke yake. Ameachwa alifanye, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye akamwelewesha, wala aliyemfuata alipoacha kuja kliniki.

Tunapozungumzia maradhi ya moyo nchini, mazungumzo huishia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Nami naiheshimu taasisi hiyo kwa dhati. Wapo kati yetu wanaokumbuka miaka ambayo mtoto mwenye tundu kwenye moyo hakuwa na njia nyingine ila rufaa ya India, na wengi walikufa huku faili likisubiri zamu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, taasisi yenyewe ikasimama kwa miguu yake mwaka 2015, na leo Watanzania wanazibuliwa mishipa na kuwekewa vali na madaktari wa nyumbani. Profesa Mohamed Janabi aliyeiongoza alichaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Ni fahari, na fahari hiyo tumeistahili.

Lakini kutoka Tanga mjini hadi pale ni kilomita kama 350, kwa kupitia Segera na Chalinze. Mgonjwa wa Kipumbwi au Mkinga anayefikishwa huko akiwa na moyo uliotanuka, miguu imejaa maji na usiku hawezi kulala bila mito mitatu mgongoni, hajaanza kuumwa wiki ile. Ameumwa miaka kumi, pengine kumi na mitano, na miaka yote hiyo aliimalizia huku huku, mita mia chache kutoka zahanati ya kijiji ambayo hakuna siku iliyomfunga mkanda wa presha mkononi. Daktari bingwa anapokea mwisho wa hadithi. Mwanzo wake uko kwetu, na kwetu ndiko ungeweza kubadilishwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Mtu mmoja kati ya wanne. Ukiingia daladala la Chumbageni lenye watu wazima ishirini, watano wanayo. Tatizo ni kwamba wengi kati ya hao watano hawajui. Utafiti uliofanyika miaka ya 1990 katika eneo la Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari wilayani Hai, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya kila watu 100 wenye presha, waliojua hawakufika 20. Waliokuwa wanatibiwa walikuwa kama 10. Na ambao presha yao ilikuwa imeshuka mpaka chini ya 140 kwa 90 hawakufika hata mmoja kati ya mia.

Matokeo yake yalionekana baadaye. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu kila kiharusi kilichotokea katika maeneo waliyoyachagua ya Hai na Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri, Hai walipata viharusi kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, kiwango kinachofanana na cha nchi zilizoendelea. Dar es Salaam walipata 316, kiwango kilichopita kile cha nchi nyingi tajiri. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na ya wenye pesa. Takwimu zile zilitoka kwenye mitaa ya watu wa kawaida kabisa. Ukitazama namna tunavyokula, tunavyokaa na tunavyosafiri hapa Tanga mjini, sioni kwa nini tujihesabu karibu na Hai kuliko Dar.

Presha hukaa na mtu kimya. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi mchana na usiku, kuta za mishipa hukakamaa na kuchubuka kwa ndani, misuli ya moyo hunenepa kwa kazi nzito mpaka ikachoka, vichujio vya figo huharibika kimoja baada ya kingine, na vimishipa vya ubongo hudhoofika hadi siku vinapopasuka au kuziba. Hakuna hata moja katika hayo linalouma. Maumivu ya kichwa ambayo watu huyangoja kama taarifa huja kwa wachache, mara nyingi wakati hali imeshakuwa mbaya sana. Wanaosema wana "presha ya kushuka" kwa sababu walisikia kizunguzungu, wakaamua wenyewe kuongeza chumvi kwenye uji, wanajitafutia balaa bila kipimo chochote.

Asubuhi moja nilikaa kutazama zoezi la kupima lililofanywa nje ya msikiti mmoja wa Ngamiani. Meza ya mbao, daftari la mistari, mashine mbili, na nesi kijana mwenye subira ya ajabu. Akaja mzee mmoja wa makamo ya miaka sitini na ushei, kanzu safi, kofia ya kiua, ametoka moja kwa moja kwenye kahawa.

"Shikamoo babu. Kaa kwanza."

"Marahaba mwanangu. Pima upesi, mimi siumwi kitu."

Nesi hakumpima upesi. Alimwambia aegemee kiti, aweke miguu yote miwili chini bila kuikunja, asizungumze. Akamuuliza kama amekunywa kahawa. Babu akacheka, vikombe vitatu. Akamwambia basi asubiri nusu saa, na kama ana haja ndogo aende kwanza. Muda ulipotimia akaupandisha mkono wa kanzu mpaka juu, akafunga mkanda kwenye nyama tupu ya mkono, mkono ukalazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda ukavimba, mashine ikanung'unika, ikasoma 178 kwa 104. Akasubiri dakika kadhaa, akapima tena: 172 kwa 100. Babu akaitazama ile mashine muda mrefu. "Lakini kichwa hakiniumi," akasema.

Nusu saa ile ya kusubiri ndiyo tiba iliyokosekana katika vituo vyetu vingi. Watu wanapimwa wakiwa wamesimama foleni, wanahema kwa kupanda ngazi, mkanda umefungwa juu ya koti, halafu wanapewa namba ambayo haina maana. Mwingine anaambiwa ana presha wakati hana. Mwingine anarudishwa nyumbani akiwa nayo. Kipimo cha siku moja pia hakitoshi kumwandikia mtu dawa za maisha, isipokuwa namba ikiwa juu mno au kuna dalili za hatari. Anatakiwa arudi siku nyingine, apimwe tena kwa utulivu.

Na dawa zipo. Hili nataka msomaji aliweke moyoni, kwa sababu hofu kubwa ya watu wa pwani ni kwamba presha ikishaingia, basi mtu anangoja siku yake. Tarehe 12 Aprili 1945 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, kiongozi wa taifa lenye nguvu kuliko yote wakati ule, alishika kichwa, akalalamika kwamba kinamuuma sana kisogoni, akapoteza fahamu na kufariki siku hiyo hiyo. Presha yake ilisoma juu ya 300 kwa 190. Madaktari wake walijua kwa zaidi ya mwaka kwamba iko juu. Hawakuwa na cha kumpa ila kumpunguzia chumvi, kumpumzisha na dawa ambazo hazikufika kwenye mzizi wa tatizo.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1967, Edward Freis na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wanaume 143 wenye presha kali waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa dawa, jingine vidonge visivyo na dawa ndani. Kati ya waliokosa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa: viharusi, moyo kushindwa kazi, vifo. Kati ya waliopewa dawa, wawili. Moja ya dawa zile, hidroklorothiazaidi, mpaka leo inatumika, na ni miongoni mwa vidonge vya bei nafuu kabisa kwenye duka la dawa. Pamoja na amlodipini na losatani, inaweza kudhibiti presha ya watu wengi mno. Hii ina maana kwamba mama muuza mihogo wa Makorora anaweza kupata leo kile ambacho Roosevelt hakukipata akiwa Ikulu ya Marekani. Anapopatwa na kiharusi akiwa na miaka 52, hatuna ruhusa ya kusema ni mipango ya Mungu bila kwanza kuuliza vidonge vyake vilikuwa wapi.

Vilikuwa wapi? Nenda duka lolote la dawa muhimu ukae pembeni dakika chache. Mama anafungua fundo la kanga, anatoa noti iliyokunjwa mara nne, anasema, "Nipe za presha za hiyo." Muuzaji anachukua mkasi, anakata karatasi ya vidonge, anampa vitano. Jina la dawa limebaki upande wa pili wa karatasi, tarehe ya mwisho wa matumizi vilevile. Vidonge vitano ni siku tano. Ya sita atajaliwa, au hatajaliwa. Mwezi ujao kwenye duka jingine atapewa vya rangi nyingine, naye hatajua kama ni dawa ile ile. Na kwa kuwa magoti yanamuuma, atanunua na diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo inapandisha presha na kuumiza figo ikitumiwa kila siku, bila mtu kumwonya.

Nchi hii inajua kumhudumia mtu anayehitaji kidonge kila siku maisha yake yote, na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure, tumejenga kliniki za tiba na matunzo, CTC, mpaka vijijini. Mteja ana kadi na namba. Ana tarehe. Dawa anapewa za miezi mitatu, hata sita, akiwa imara. Akikosa tarehe yake anapigiwa simu, na simu isipopatikana mhudumu anamfuata nyumbani kwa staha, bila kumtangaza kwa majirani. Wapo watu waliobebwa kwa machela mwaka 2005 ambao leo wana wajukuu. Hatukufanya hivyo kwa mashine za ajabu, tulifanya kwa daftari, simu, kidonge cha kila siku na mtu wa kuuliza, "Mbona hukuja Jumanne?"

Mgonjwa wa presha hana mtu wa kumuuliza. Akipotea, kituo hakijui kama amepotea. Kadi yake ni daftari la shule alilonunua mwenyewe, na likijaa anaanza jingine, historia yote inabaki kwenye lile la zamani lililowekwa chini ya godoro. Katika hospitali ya Bugando kule Mwanza, watafiti waliofuatilia wagonjwa waliolazwa kwa miaka mitatu walikuta maradhi yatokanayo na presha yanashika nafasi ya pili kwa kuua, nyuma ya UKIMWI. Ugonjwa wa kwanza una mfumo kamili wa kumlinda mgonjwa. Wa pili una mkasi wa kukatia karatasi ya vidonge.

Najua fedha za UKIMWI nyingi zilitoka kwa wafadhili, na najua wafadhili hawaji kwa ajili ya presha. Hiyo ni sababu ya kuanza kidogo, haiwezi kuwa sababu ya kutoanza. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kila mmoja wao anaweza kufundishwa kupima presha sawasawa kama yule nesi wa Ngamiani, akapewa mashine na orodha ya wagonjwa wa mtaa wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Kipimo chake cha kweli kwangu ni kama mwanachama wa Mkwaja atachukua vidonge vyake vya miezi mitatu Mkwaja, bila nauli ya kwenda wilayani. Na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, ambao sera inasema watibiwe bure, wasiendelee kupewa ushauri wa bure na cheti cha kwenda kununua dawa nje.

Tukirudi nyumbani, jikoni kwetu nako kuna kazi. Watu hudhani presha ni ya ukoo na hakuna la kufanya. Ukoo una sehemu yake, lakini historia ya Afrika Mashariki inasema zaidi. Mwaka 1929 daktari aliyeitwa Donnison alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo, magharibi mwa Kenya, na hakukuta presha ya juu kati yao. Miongo kadhaa baadaye watafiti wengine walirudi eneo hilo hilo la Wajaluo, wakawafuatilia vijana waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: presha za waliohamia mjini zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo. Uzito wao uliongezeka, chumvi katika mkojo wao ilizidi, na madini ya potasiamu, yanayotokana na mboga na matunda, yalipungua. Watu walikuwa wa kabila moja, damu moja. Kilichobadilika ni sahani.

Sahani ya Tanga naipenda, nami sitaki kusikia mtu wa mbali akituambia tuache chakula chetu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, kisamvu, ni chakula cha heshima. Chumvi ndiyo inayotuponza, na imejificha mahali ambapo hatuihesabu. Imo kwenye papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi, imo kwenye achari ya ndimu, imo kwenye embe bichi linalouzwa nje ya shule likiwa limepakwa chumvi na pilipili, imo kwenye vile vichemraba vya kukolezea mchuzi, kisha juu ya yote hayo kopo la chumvi linazunguka mezani kabla mtu hajaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa, chumvi yote ikihesabiwa pamoja. Familia inayoinjika sufuria moja inaweza kuanza kwa kupunguza kiganja kimoja hadi nusu kiganja, na kuliondoa kopo mezani. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Tena sisi tuna bahati. Mwaka 1996 kulichapishwa utafiti uliolinganisha wanakijiji wa Tanzania waliokula samaki wa Ziwa Nyasa na wengine wa Lugalawa waliokula nafaka na mboga. Walaji samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta ya damu yenye afya zaidi. Samaki sisi tunao, wanashuka Deep Sea kila asubuhi. Awe mbichi, wa kuchemsha, wa kupaka au wa kuchoma, badala ya kukaangwa kwenye mafuta yaliyochemka tangu juzi. Machungwa ya Muheza yanajaa barabarani kwa msimu, nayo pamoja na ndizi na mchicha ndiyo hiyo potasiamu iliyowapungukia vijana wa Nairobi. Mwenye maradhi ya figo anapaswa kumuuliza daktari wake kwanza. Juisi ya choya nayo ina msaada wake mdogo kwa presha, tafiti zimeonyesha. Ila mwenye 180 kwa 110 asiiache amlodipini kwa ajili ya choya wala kitunguu saumu.

Sigara nataja kwa ufupi, maana hakuna mjadala: inaharibu mishipa, na mwenye presha anayevuta anajiongezea hatari mara dufu. Mirungi, ambayo sheria imeshaikataza, inapandisha mapigo na presha kwa pamoja. Kuhusu mazoezi, mji wetu umekuwa maarufu kwa baiskeli tangu zamani, kina mama wakiendesha kwa mabaibui yao bila mtu kushangaa, kwa sababu mitaa yetu ni tambarare. Leo bodaboda inaitwa hata kwa safari ya kutoka Barabara ya Nane kwenda ya Kumi na Mbili. Jiji likitenga njia salama za baiskeli litakuwa limefanya kazi ya hospitali nzima.

Viongozi wetu wa dini wana nafasi ambayo daktari hana. Mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengi huacha dawa kabisa wakidhani hazipatani na funga. Dawa nyingi za presha za sasa hunywewa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kumpangia mgonjwa azinywe wakati wa futari au daku. Mwenye moyo ulioshindwa kazi au presha isiyotulia aulize kama afunge au la, maana dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa. Muda wa kuuliza ni Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Imamu akilisema hilo kwenye hotuba ya Ijumaa, na mchungaji akalisema jambo kama hilo Jumapili, litasikika zaidi ya bango lolote la wizara.

Na lipo lile la kiharusi. Watafiti waliowahi kuwauliza watu wa Hai na Dar es Salaam kinachosababisha kiharusi walikuta wengi wa Hai wakitaja presha, mafuta na mawazo, na wengi wa Dar wakitaja majini na uchawi. Sisi wa pwani tunajua upande tulipo. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea, maneno yakamgongana, nyumba inagawanyika: wengine wanatafuta gari, wengine wanatafuta mtu wa kusoma. Sitaki kubishana na imani ya yeyote. Naomba jambo moja tu, gari liitwe kwanza, na asomewe humo humo garini au kando ya kitanda cha hospitali. Saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama atazungumza tena. Hospitali za rufaa za mikoa zimepelekewa mashine za CT miaka hii, zinazoweza kutofautisha mshipa uliopasuka na ulioziba, na matibabu ya hivyo viwili hayafanani. Asipewe aspirini nyumbani kabla ya kipimo hicho, wala asinyweshwe chochote ikiwa hawezi kumeza vizuri. Aliyeletwa siku ya tano, baada ya makombe kushindwa, tunamuuguza tu.

Watoto nao wasisahauliwe. Koo linalouma kwa homa, likitokana na bakteria na lisipotibiwa kwa penisilini, linaweza kuacha homa ya baridi yabisi inayokula vali za moyo taratibu. Msichana wa miaka 19 anayehema kwa kupanda ngazi za shule huenda aliumwa koo akiwa na miaka tisa.

Mwaka 2019 pekee, maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi na wenzetu. Nchi nyingine zimeshaonyesha kwamba mkoa mmoja unaweza kugeuza mambo. Karelia ya Kaskazini nchini Finland ilikuwa ikizika wanaume vijana kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichoutisha ulimwengu. Wananchi wenyewe waliiandikia serikali yao, mradi ukaanza mwaka 1972, ukaingia jikoni, mashuleni, kwenye viwanda vya maziwa na kwenye vituo vya afya vya vijijini, na vifo vikashuka kwa kiasi kikubwa miaka iliyofuata. Haukuanzia kwenye mji mkuu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani wa Jiji la Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani. Mtakapokaa kupitisha bajeti za halmashauri zenu, mwiteni mganga mkuu na mumuulize mambo matatu: ni zahanati ngapi zina mashine ya presha inayofanya kazi leo, ni ngapi zilikosa vidonge vya presha katika miezi mitatu iliyopita, na ni wagonjwa wangapi waliosajiliwa ambao hawakurudi. Akikosa jibu la hilo la tatu, mtengeeni fedha za daftari, simu na mhudumu wa kuwafuata, kabla ya kutenga fedha za jengo jingine. Nanyi wananchi, diwani akipita mtaani kwenu kuomba kura, muulizeni alipigaje kura siku hiyo.